Tezo ya mhunzi na tezo ya dukani, ipi inachonga kweli?

Haya wadau karibuni, leo hakuna mashine wala umeme, ni tezo tu. Ninazo mbili, hii inayong'aa ni ya dukani, hii nyeusi kaifua mhunzi kwa chuma cha springi ya lori. Kwa ambaye hajawahi kuishika, ona bapa limekingama na mpini, siyo kama shoka, kwa hiyo unachonga ukivutia kwako. Mafundi majahazi wa Nungwi na Lamu mataruma, yaani mbavu za jahazi, wanayalainisha kwa tezo hii hii, na ukienda kwa wachongaji wa Kikamba pale Changamwe Mombasa utasikia ko ko ko kutwa nzima, mnyama anatoka kwenye gogo kwa tezo, kisu na msasa vinakuja mwishoni huko.

Sasa njoo karibu hapa kwenye mpini. Ya dukani ina tundu na kabari, mti ukikauka kidogo tu kichwa kinaanza kucheza. Ya mhunzi ina mkia, yaani ncha ya nyuma ya bapa lenyewe, ulipashwa moto hadi ukawa mwekundu ndio ukatoboa kichwa cha mpini, si unaona huu weusi? Kila ukipiga, mkia unazidi kuzama, yaani kazi yenyewe ndiyo inayoikaza. Na ukitaka kunoa unaugonga mkia kwa nyuma, bapa linatoka, unalipeleka kwenye jiwe bila mpini kukukera. Mimi hapo ubishi umeisha.

Tujaribu kwenye mwarobaini. Ya dukani nzito mbele, inachimba, ona imeng'oa nyuzi. Hii nyingine... tazama kibanzi kilivyojikunja, chembamba, na palipochongwa pametulia. Kwenye mpingo hata hii piga kidogo kidogo, mti ule hauna huruma na makali.

Ila za wahunzi hazilingani jamani. Nenda na tupa, ipitishe kwenye makali, ikiteleza chukua, ikila kirahisi chuma ni laini, rudisha. Na grenda msiiguse ovyo, makali yakigeuka bluu ujue ugumu umeondoka. Mpini nao nusu ya mafundi wanauacha mkwaruzo mkwaruzo, upige msasa mwenyewe, dakika chache tu.

Na ukichonga umesimama mguu uweke pembeni, usiuache kwenye njia ya tezo, nawaombeni. Hii nyeusi siiuzi, msianze kuniuliza bei.