Miezi minane na kompyuta mpakato ambayo kasi yake haitulii

Siku ya kwanza niliamini nimeuziwa mbovu. Boksi limeandikwa gigahezi 4.2, yaani mapigo bilioni 4.2 kwa sekunde, nami nafungua kidirisha kinachoonyesha kazi za prosesa, ule ubongo wa kompyuta, nakuta 0.8. Nikifungua programu inaruka hadi 3.6, nikiacha inaporomoka tena. Nilikaa pale kama mtu anayemhesabia mgonjwa mapigo ya moyo.

Nikaingia kwenye mipangilio ya umeme, nikapandisha kiwango cha chini cha prosesa hadi asilimia 100. Kasi ikatulia huko juu, nami nikatulia. Kwa siku mbili. Feni ilianza kuunguruma hata ninapoandika barua, upande wa juu wa kibodi ukawa wa kuotea moto, na betri iliyokuwa ikinifikisha saa saba ikawa inadai chaja hata tano hazijatimia. Barua yenyewe haikuandikika haraka zaidi, kwa sababu tangu mwanzo prosesa ndiyo iliyokuwa ikinisubiri mimi na vidole vyangu.

Hapo ndipo nilipotaka kujua kwa nini wanaitengeneza hivi. Transista za prosesa, yaani swichi zake ndogo mno za umeme, ni mabilioni. Kila zinapogeuka, kuwaka au kuzima, hula chembe ya umeme. Kwa hiyo mapigo yakizidi kwa sekunde, ulaji nao unazidi. Hilo nililikisia. Sikujua habari ya volti, yaani msukumo wa umeme. Kasi ikipanda, transista zina muda mfupi zaidi wa kugeuka kabla ya pigo linalofuata, na ili ziwahi lazima volti zipandishwe. Ulaji wa kila mgeuko hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe: 1.2 inatoa 1.44, 0.8 inatoa 0.64. Basi tuseme kasi imeshuka nusu na volti zimeshuka kutoka 1.2 hadi 0.8. Umeme wa kila sekunde unabaki takriban asilimia 22. Kazi itachukua muda mara mbili, ni kweli, lakini hadi inamalizika imekula asilimia 44 tu ya ule wa mwanzo. (Hapa sijahesabu umeme unaovuja hata transista zikiwa zimetulia.) Kasi ikishushwa peke yake, bila volti, umechelewa na akiba ni kiduchu.

Si jambo jipya. Watengenezaji wa prosesa Intel walileta SpeedStep, mbinu ya kushusha kasi pamoja na volti, kwenye prosesa zao za Pentium III za kompyuta mpakato mwaka 2000, na washindani wao AMD nao wakaja na PowerNow! yao.

Baada ya hapo nikaenda upande wa pili, nikaifungia kasi ya chini kabisa. Kimya kitamu, feni haisikiki. Ila jedwali kubwa la hesabu lilichukua muda mrefu kufunguka, na muda wote huo kioo kinawaka na Wi-Fi iko hewani, vyote vinanyonya betri ileile. Niliongeza dakika chache tu juu ya zile saa saba. Kumbe wakati mwingine ni nafuu prosesa ikurupuke, imalize, kisha ilale fofofo. Sehemu zake zisizo na kazi huzimwa kabisa, hata kwa kipande kidogo cha sekunde, na kuniachia mimi nifikirie neno linalofuata.

Sasa nimeiacha kwenye mpangilio wa kati na sichungulii tena namba.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya kuhariri video. Dakika mbili za mwanzo inakimbia karibu na 4, kisha joto linagonga nyuzi 95 na kasi inashuka hadi 2.3, inabaki hapo mpaka kazi iishe. Huko si kubana umeme, ni mashine nyembamba iliyopewa feni moja ndogo. Boksi limeandika "hadi 4.2". Kwa muda gani, halikusema.