Picha zote za mchana: tovuti mbili za kambi za Naivasha, uzoefu wangu

Mamangu aliposikia tunakwenda Naivasha kulala hemani aliuliza swali moja tu: "Mwaacha vitanda vyenu Nairobi muende mkalale chini, na mlipie?" Sikuwa na jibu la maana. Watoto walikuwa wameshaliona hema la shemeji, wakalipiga sebuleni siku tatu mfululizo, na mimi ndiye niliyetwikwa kazi ya kutafuta pahala.

Kwa asiyepajua, Naivasha ni kama kilomita 90 kutoka Nairobi, unateremka Bonde la Ufa, na ile barabara ya Moi South Lake inayofuata ukingo wa kusini wa ziwa ina kambi baada ya kambi. Hifadhi ya Hell's Gate iko papo hapo, na humo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia na ngiri. Kwa hiyo wikendi Nairobi nzima iko huko, kambi zinagombania wageni, na ugomvi wenyewe unamalizikia kwenye simu yako usiku ukiwa kitandani.

Nimekwenda mara mbili, kambi mbili tofauti, na mara zote mbili tovuti ndiyo iliyoniamulia. Majina ya kambi nayaacha. Ninachotathmini hapa ni zile tovuti.

Ya kwanza ilipambwa kama ukumbi wa harusi. Ukifungua tu, video inaanza yenyewe: droni inapaa juu ya migunga ya manjano, ziwa linametameta, nyasi zilizokatwa vizuri zinateremka mpaka majini, bembea ya kamba inaning'inia baina ya miti miwili, furukombe analia. Bando langu liliteketea hapo hapo, lakini nilikuwa nimekwisha. Moyo wangu ulikata shauri kabla sijafika kwenye bei. Kisha kikaja kitufe chekundu, na chini yake maandishi madogo: zimebaki nafasi mbili. Nikamwamsha Baba Salim anipe kadi yake. Tukalipa zote, hakuna kurudishiwa, na barua pepe ya shukrani ikaingia kabla sijazima taa.

Tulipofika Ijumaa jioni, uwanja mzima ulikuwa na mahema manne. Zile nafasi mbili zilizobaki nilizihesabu zikafika ishirini, nikaacha.

Nyasi za kwenye video zilikuwa chini ya maji. Ziwa Naivasha, kama maziwa mengine ya Bonde la Ufa, limepanda sana miaka hii. Mwaka 2020 lilifurika mpaka likawatoa watu majumbani mtaa wa Kihoto. Pale kambini migunga ilikuwa imekufa wima ndani ya maji, iking'aa kama mifupa, na nguzo za ua wa umeme zimetokeza vichwa tu. Video ilipigwa kabla ya hayo. Siwezi kusema mtu alinidanganya, ila najua hakuna aliyejisumbua kuiondoa.

Ua huo si pambo. Mchana kiboko hushinda majini, usiku hutoka kula majani, na nyasi nzuri ya kambi kwake ni mezani. Jumamosi hiyo baa ilipiga muziki mpaka saa nane usiku. Tulipopata usingizi, saa tisa na kitu, Salim akanigusa: mama, choo. Choo kilikuwa upande wa pili wa maegesho, na taa yake haikuwaka. Nikachukua tochi, nikamshika mkono, tukatoka na kandambili za plastiki kwenye umande. Hatujafika hata nusu ya njia, askari akatokea gizani, sauti ya chini kabisa:

"Mama, rudi kwanza. Yupo."

"Nani?"

"Mwenyewe."

Nikasimama. Kwanza sikuona kitu, nikasikia: mtafuno ule, krap, krap, krap, kama mtu anang'oa nyasi kwa mikono miwili, upande wa kushoto, karibu na gari letu. Kisha kile nilichodhani ni kichuguu kikasogea. Salim hakuhitaji tena choo, yalikuwa yameshamtoka. Tulirudi kinyumenyume. Mpaka kunakucha nilikuwa nimekaa katikati ya hema, nimewakumbatia wote wawili, najiuliza kitambaa hiki kitazuia nini.

Asubuhi, Baba Salim akifunga mizigo kwa hasira zake za kimyakimya, niliifungua tena ile tovuti. Nikazipitia picha moja moja. Zote za mchana. Hakuna hata moja iliyopigwa baada ya jua kuzama, ila ya moto wa kuni wenye vijana wanaocheka. Na kambini, ukifikiria, mchana hukai. Mchana uko Hell's Gate na baiskeli, au uko ndani ya boti. Unacholipia ni kuanzia saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi, na saa hizo kumi na mbili hakuna aliyenionyesha.

Mara ya pili nilitafuta kwa jicho hilo. Baba Salim anauliza nyama choma, mimi nasaka choo. Nilipitia tovuti tano au sita, nyingi ni bembea ile ile na furukombe yule yule, mpaka nikafika kwenye moja iliyonifanya niinuke kitandani. Ukurasa wenyewe wa kizamani, rangi ya kijani ya chupa, herufi zimesongamana. Lakini palikuwa na picha ya choo. Choo chenyewe hasa! Imepigwa kwa simu, mkono umetikisika kidogo: mlango wa mbao umeachwa wazi, ndoo ya bluu, kipande cha sabuni juu ya kisosi, taa ya sola juu ya mlango, na ufagio umesahauliwa pembeni. Aliyepiga picha ile hakufagia kwanza ili apige. Hapo nikasema, huyu simwogopi.

Chini ya picha palikuwa na maneno, mengi kuliko picha. Ua wa umeme unawashwa saa kumi na mbili jioni, na ulisogezwa nyuma maji yalipopanda. Muziki mwisho saa nne usiku, mwenye spika kubwa asije. Maji moto yapo saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku, kwa sababu boila ni la kuni na mchochezi naye anakwenda kulala. Naivasha iko juu, kama mita 1,880 kutoka usawa wa bahari, basi leteni blanketi mbili kila mtu (sisi watu wa pwani tunasoma hivyo tukicheka, halafu saa kumi alfajiri tunajuta). Ada ya hifadhi haimo kwenye bei ya kambi, inalipwa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, na getini hawapokei noti. Na kama kuna mawingu ya mvua, msiteremke korongoni Hell's Gate. Mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yalisomba watu mle, wakafa. Kuna tovuti gani nyingine ya kambi inayokwambia kitu cha kukutisha kabla hujalipa? Mimi kilinipa imani zaidi.

Palikuwa pia na ramani iliyochorwa kwa kalamu, nafasi zimepewa namba, choo kimewekewa msalaba.

Sasa nisiwapambe kupita kiasi. Fomu yao ya kuweka nafasi haifanyi kazi kwenye simu: unachagua tarehe, inarudi nyuma, unachagua, inarudi. Nilijaribu mara nne. Mtu asiye na shida na choo angeshaondoka zamani akaenda kubonyeza kitufe chekundu kwingine, na nadhani wengi huondoka. Kalenda ya nafasi haipo. Bei zimewekwa, shilingi 1,200 mtu mzima na nusu kwa mtoto, lakini haikuandikwa kama ni za mwaka huu. Ikabidi niandike kwenye WhatsApp.

Na hapa kuna jambo linalonikera. Tovuti yao, kama nyingine zote nilizopitia, ni Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. WhatsApp ilinijibu Kiswahili baada ya dakika sita, na habari nzuri zaidi ikawa huko:

"Karibu dada. Mko wangapi? Watoto wana miaka mingapi?"

Nikamwambia tisa na sita, na kwamba nimependa namba 7 kwenye ramani, ina kivuli.

"Saba ina kivuli lakini iko karibu na barabara. Malori ya maua yanapita alfajiri. Chukua nne, hatua kama ishirini mpaka choo."

Kwa nini hayo ya malori hayapo kwenye tovuti? Yeye anayajua. Wageni wangapi wamejichagulia saba kwa kutazama ramani tu? Nililipa arbuni, nusu, kwa M-Pesa, na ujumbe wa kupokea ukaja na namba ya nafasi yetu.

Tulilala siku mbili. Saa nne kamili muziki ulikatwa katikati ya wimbo, jamaa wa hema la jirani akanung'unika kidogo, kisha ikabaki sauti ya vyura na mara moja moja kiboko akikoroma mbali, upande wake wa ua. Maji moto yaliisha saa mbili kasoro, tulikuwa wengi. Tovuti ilionya kuhusu tumbili na sisi tukapuuza: Jumapili asubuhi alishuka mmoja, akachagua mkate wa mayai niliotoka nao nyumbani, akaacha ule wa dukani. Hilo silaumu mtu.

Nilipoandika maoni yangu kwenye ramani ya Google niliacha habari za machweo, wengine wameshayasema. Niliandika: kutoka nafasi namba 4 mpaka choo ni hatua 18, nimezihesabu mwenyewe saa tisa usiku, taa inawaka.

Wiki iliyofuata nilimtumia mamangu picha. Machweo, boti, watoto juu ya baiskeli, twiga nyuma yao. Akakaa kimya, nikadhani mtandao. Kisha ikaja sauti yake, sekunde nne: "Na choo ki wapi?"

Nikamtumia na hicho. Anakuja Desemba. Arbuni nimeshalipa, namba 4, na blanketi zake ni tatu.