Kikao cha maoni kuhusu kituo kipya cha sanaa mjini: tathmini ya mshiriki

Jumamosi iliyopita nilihudhuria kikao cha kujadili michoro ya kituo cha sanaa kinachokusudiwa kujengwa katikati ya jiji la Nairobi, na kwa kuwa waandaaji wametangaza kikao cha pili, ni vyema wanaopanga kwenda wajue kinachowasubiri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa chama cha uigizaji shuleni. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikiwasafirisha wanafunzi na maleba yao kutoka Eastlands hadi kumbi za mjini, kwa hivyo nilikwenda na swali moja: jengo hili linasanifiwa kwa ajili ya nani?

Maandalizi yalikuwa mazuri kwa sehemu kubwa. Ukumbi ulikuwa hatua chache kutoka Moi Avenue, ambapo mtu akishuka matatu halazimiki kupanda nyingine. Chai ilitosha, na mkalimani wa lugha ya ishara alisimama mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Modeli ya jengo iliwekwa juu ya meza katikati ya watu, nasi tukaruhusiwa kuizunguka na kuinama kuitazama. Lililonisikitisha ni kwamba maelezo ya michoro na fomu ya maoni yaliandikwa kwa Kiingereza pekee. Mchonga vinyago aliyeketi karibu nami aliniomba nimsomee fomu hiyo. Nilipofika swali la tatu, akaichukua polepole, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni, na sikumsikia akizungumza tena. Katiba ya 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na katiba hiyo hiyo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi kuwaita watu watoe maoni kisha kuwapa karatasi wasiyoweza kuijaza ni kuwanyima haki waliyoitiwa.

Saa nzima ya kwanza ilikwenda kwenye sura ya nje. Kuna waliotaka kuta za vioo, na kuna waliotaka umbo la msonge na nakshi za shanga. Jumba la mikutano la KICC, lililokamilika mwaka 1973 kwa usanifu wa Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, lilitolewa mfano na pande zote mbili. Siudharau mjadala huo, kwa maana majengo ya jiji hili yamewahi kuwaambia watu wazi ni nani anayekaribishwa: Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia. Anayetaka mlango mkuu usimtishe mpita njia ana hoja nzito. Hata hivyo, tulipofika kwenye mambo ya ndani, muda ulikuwa umeyoyoma na wengi walikuwa wamechoka.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mpigaji wa isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambazo uchezaji wake UNESCO iliuorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Aliifuata modeli, akaizunguka mara mbili, kisha akamuuliza msanifu, "Mwanangu, ngoma zangu zitaingilia wapi?" Msanifu akamwonyesha ngazi pana za mbele. Mzee akatikisa kichwa. "Huo ni mlango wa wageni, mwanangu. Mimi nauliza wa ngoma." Akapanua mikono yake kuonyesha urefu wa ngoma kubwa. Hapakuwa na mlango wa mizigo popote, wala mahali pa lori kurudi nyuma.

Kuanzia hapo kikao kikawa na faida. Fundi wa taa alieleza kwamba chumba cha mazoezi kikiwa kidogo kuliko jukwaa, waigizaji hujifunza hatua ambazo watalazimika kuzibadilisha siku ya onyesho. Mcheza densi aliomba sakafu ya mbao, kwa sababu saruji huumiza magoti. Mimi nilisimulia jinsi wanafunzi wangu walivyowahi kubadilisha maleba kwenye ujia wa ukumbi mmoja hapa mjini, wasichana wakiwazibia wenzao kwa leso. Mtu mwingine aliutaja mfano wa kituo cha sanaa cha GoDown, kilichoanza mwaka 2003 katika bohari la zamani la Dunga Road: bohari limejengwa kupitishia mizigo, na msanii hufika na mizigo.

Mwongozaji wa kikao alikosea, kwa maoni yangu, alipoulizwa kuhusu ada ya kukodi ukumbi. Alijibu kwamba bei itajadiliwa ujenzi ukikamilika. Lakini bei inapangwa sasa, kwenye mchoro. Ukuta mkubwa wa kioo unaotazama magharibi utachomwa na jua la alasiri, joto hilo litahitaji mitambo ya kupoza hewa, mitambo itakula umeme mchana kutwa, na gharama hiyo itamwangukia msanii anayetaka ukumbi kwa siku moja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni ya wastani. Kivuli cha kutosha na njia za hewa zilizopangwa vizuri vingepunguza sana gharama hiyo, mradi njia hizo zisiingize kelele za honi za matatu ukumbini. Hakuna aliyelijibu hilo, na ningependa liwe la kwanza kujadiliwa kikao kijacho.

Nakipa kikao alama tatu kati ya tano. Moja imepotea kwa ajili ya fomu, nyingine kwa ajili ya swali la bei. Hizo tatu zimestahiliwa, hasa kwa msanifu mwenyewe, ambaye baada ya watu kuanza kutawanyika alimwita mzee, akachukua rula na kupima ngoma zote tatu, kisha akachora mlango kwa penseli upande wa nyuma wa jengo kwenye ramani na kuandika upana wake kando. Mkienda kikao cha pili, fikeni mapema mpate nafasi karibu na meza ya modeli, nendeni na vipimo vya vyombo vyenu, na mtazame kama mlango ule wa penseli umetiwa wino.