Mwongozo wa kununua mazabodi: kwanza ujue inafanya nini ikiachwa kwenye "Auto"

Anayeijua Februari ya Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Saa nane usiku nilikuwa narenda video ya harusi ambayo mteja anaisubiri asubuhi, madirisha yote wazi, feni ya dari iko namba tano, na kompyuta niliyoijenga wiki tatu kabla inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikafungua HWiNFO, programu ya kusoma joto na volti. Prosesa yangu, Core i5-13600K, ilikuwa inagonga nyuzi 100, inajipunguza kasi, inapoa kidogo, inapanda, inagonga 100 tena. Mstari wa Vcore, yaani volti zinazoingia kwenye prosesa, ulisoma 1.34. Wati 205.

Asubuhi nikampigia aliyeniuzia mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. "Dada, huo ni umeme wa nyumbani kwako. Nunua stabilaiza." Nikanunua. Namba zikabaki zile zile.

Nimeandikiwa na wasomaji kadhaa waliouziwa stabilaiza kwa ugonjwa huu huu, kwa hiyo hapa nitatulia kidogo. Umeme wa ukutani unaishia kwenye pawa saplai. Pawa saplai inatoa volti 12, kisha mazabodi ndiyo inayozishusha hizo 12 hadi volti moja na pointi kadhaa, ndizo prosesa inazokula. Hata ukutani kungekuwa na umeme safi kuliko wote duniani, bodi ikiamua kuipa prosesa 1.34 pale inapohitaji 1.19, itaipa 1.34.

Na inaamuaje? Prosesa ya Intel hutoka kiwandani na jedwali lake mwenyewe: kwa kasi hii nataka volti hizi. Lakini kabla ya kuomba huhesabu pia umeme unaopotea njiani, kutoka kwenye bodi hadi kuifikia, na hesabu hiyo huipata kutoka kwenye bayosi, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta. Bodi ikisema unapotea mwingi, prosesa huongeza ombi ili kufidia. Setingi yenyewe inaitwa AC load line. Ukiiacha kwenye Auto, aliyetengeneza bodi ameshajibu kwa niaba yako, na wengi hujibu kwa kuzidisha. Hawajui utaweka prosesa imara au dhaifu, wanataka hata ile dhaifu kabisa iwake na isirudi dukani. Bima hiyo unailipa wewe, kwa joto. Tofauti ya 1.34 na 1.19 inaonekana kama chenji, ila nguvu inayoliwa hupanda kwa volti mara volti: hapo ni karibu asilimia 27 zaidi, kwa kasi ile ile na kazi ile ile.

Nilithibitisha kwa rafiki yangu Kinondoni mwenye bodi ya MSI PRO Z790-A. Tukahamisha prosesa yangu, feni yangu na pesti mpya, chumba chenye joto lile lile. Kwenye bayosi yake kuna kitu kinaitwa CPU Lite Load, kimepangwa kwa namba. Tukaishusha namba, tukajaribu, tukaishusha tena. Tulipofika mahali ambapo kila kitu bado kinasimama imara, Vcore ilisoma 1.19, wati 162, nyuzi 81, na video ile ile ikaisha mapema zaidi kwa sababu prosesa haikuwa inajikaba tena. Bodi yangu mimi haikuwa na setingi hiyo kabisa. Ilikuwa na Auto, au volti ya kudumu isiyoshuka hata kompyuta ikiwa imekaa bure. Basi.

Kwa hiyo sitazungumzia taa za rangi, idadi ya matundu ya USB, wala bodi ina nafasi ngapi za rami. Hayo yameandikwa kwenye boksi. Napanga kwa swali moja: Auto yake inafanya nini, na je, mtu asiye mtaalamu anaweza kuirekebisha?

Swali hili si la wapenda gemu peke yao. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14, zile za wati 65 kwenda juu, zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole. Wakatoa marekebisho: mikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa, yanayokuja na bayosi mpya) 0x129 Agosti mwaka huo, iliyozuia maombi ya kupita volti 1.55, kisha 0x12B Septemba. Waranti ya prosesa hizo ikaongezwa miaka miwili. Kabla ya hapo bodi nyingi za bei kubwa zilikuwa zinatoka kiwandani na kikomo cha nguvu cha wati 4096, na pasi ya umeme nyumbani kwako ni wati 1000 hivi. Maana yake kikomo hakikuwepo. Mambo haya yako kwenye bayosi, na bayosi ya bodi iliyokaa kwenye rafu ya duka tangu 2023 ni ile ya 2023.

Namba moja kwangu ni MSI, na sifichi mapenzi yangu. Auto yao si pole kuliko za wengine. Mara nyingi nayo huanza juu, na kwenye bodi zao za Intel zenye bayosi ya zamani, ukiingia bayosi mara ya kwanza unaulizwa una kipoza cha aina gani. Ukichagua Water Cooler kwa kuwa limekaa kifahari, umejifungulia zile wati 4096. Chagua Boxed Cooler hata kama una kipoza kikubwa. Ninawapenda kwa sababu tiba yao ni namba moja, mahali pamoja, kwa jina moja, na mtu yeyote anaweza kuelekezwa kwa simu. Punguza namba, volti zinapungua. Ikianza kuganda, rudi nyuma mbili. Kwa Intel chukua MAG B760M Mortar au PRO Z790-A. Kwa AMD, mshindani wa Intel mwenye prosesa za Ryzen, chukua MAG B650 Tomahawk, ambayo ina kitufe cha Flash BIOS mgongoni: unaweka bayosi mpya kwenye flashi na kuiingiza bila hata prosesa kuwepo. Kwa huku kwetu kitufe hicho nakithamini kuliko WiFi. Tahadhari moja: kama baada ya kushusha Lite Load alama zako za Cinebench (programu ya kupima kasi) zinaanguka japo joto limepungua, tafuta IA CEP, kinga inayoikaba prosesa ikiona volti ni ndogo, uizime. Si kila bodi ya daraja la B760 inakuruhusu, ndiyo maana mwenye prosesa ya K (jina lake linaishia na K) namshauri ajikaze hadi daraja la Z790.

ASUS ni ya pili. Kazi ile ile wanaiita SVID Behavior, na badala ya namba wanakupa maneno. Ukiiweka Typical Scenario, bodi nyingi hutulia. Angalia pia MultiCore Enhancement isiwe inaondoa mipaka yote ya nguvu. Bodi yao ya TUF Gaming B650-Plus ni imara kweli. Lakini sijasahau Aprili 2023, Ryzen 7 7800X3D zilipoonekana zimeungua na kuvimba chini, visa vilivyopigiwa kelele zaidi vikiwa kwenye bodi za ASUS. Kilichokuwa kinapanda ni volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayosimamia rami) pale mtu anapowasha EXPO ili rami iende kasi. AMD waliifungia isipite 1.3 kwa bodi za kampuni zote. Ukinunua bodi ya zamani ya AM5 (soketi inayopokea Ryzen hizo), ya kampuni yoyote ile, bayosi mpya iingie kabla hujagusa EXPO.

Nikiwa kwenye AMD: wenye Ryzen wengi huniandikia kwa hofu kwamba volti zinaruka hadi 1.4 kompyuta ikiwa imekaa tu. Hiyo ni miruko ya sekunde, ya kazi nyepesi kwenye kiini kimoja, na prosesa imejipangia hivyo yenyewe. Tazama inaposhikwa na kazi nzito, hapo inashuka sana. Kwa ujumla Auto ya AM5 ina utulivu kuliko ya Intel, na Curve Optimizer, setingi ya kushusha volti, iko kwenye menyu ya PBO ya karibu kila B650. Anza na hasi 15. Kama leo hujafungamana na upande wowote, nenda AM5. AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea.

Gigabyte naiweka ya tatu kwa sababu ya menyu zao. Ili upunguze volti kidogo unatakiwa kwanza utoe Vcore kwenye Auto uiweke Normal, ndipo Dynamic Vcore ifunguke chini yake. Nani atajua kwamba Auto na Normal ni vitu viwili tofauti? Nilimwelekeza mdogo wangu wa Morogoro kwa simu ya video karibu saa nzima. Ukishaielewa, B650 Gaming X AX ni bodi nzuri, na Q-Flash Plus, yaani Flash BIOS yao, wanaiweka hata kwenye baadhi ya bodi zao za bei ya chini, jambo la kuwashukuru.

ASRock wanatoa vingi kwa bei ndogo, ila mwaka 2025 taarifa za Ryzen 7 9800X3D kufa ziliandamana sana na bodi zao, nao wakatoa bayosi mpya. Mwenye X3D asubiri.

Za bei ya chini: H610 na A620 zitawaka na zitafanya kazi ya ofisi, lakini usitegemee kugusa volti. Bodi za X99 zisizo na jina, zinazouzwa pamoja na Xeon (prosesa ya seva) ya mtumba, siwezi kukushauri. Afadhali kompyuta nzima iliyotumika, OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP: hazina menyu ya volti, ila waliozitengeneza hawakuwa wanashindania alama za majaribio, wakazipanga kwa viwango vya Intel na zikakaa miaka.

Sasa wauzaji. Nimezunguka maduka manne Kariakoo na mjini nikiomba kitu kimoja: niwashieni bodi nione toleo la bayosi. La kwanza waliniambia boksi likifunguliwa nimenunua. La pili kijana alisema bayosi haina toleo. La tatu walikuwa na i9-14900K "kama mpya", bila boksi, kwa bei iliyonitoa jasho, na hakuna aliyeweza kuniambia imetumika miezi mingapi wala kwenye bodi gani. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi kwa mikrokodi, Intel wenyewe wamesema. Na ile waranti iliyoongezwa, kwa prosesa isiyokuja na boksi unatakiwa urudi kwa aliyekuuzia. Aliyekuuzia amebandika ukutani karatasi: mali ikishauzwa hairudishwi. Bodi ambayo Marekani ni dola mia na kidogo, hapa nimetajiwa shilingi 480,000, na kwa bei hiyo mtu ananinyima dakika tano za kuiwasha mezani kwake. Hili linaniudhi kuliko joto lenyewe.

Ukienda, nenda na flashi yenye bayosi mpya uliyoipakua kwenye tovuti ya mtengenezaji, ya bodi hiyo hiyo, maana herufi moja tu ya jina ikitofautiana ni bodi nyingine. Uliza Flash BIOS iko wapi, na uione kwa macho, mgongoni, karibu na matundu ya USB. Omba waiwashe. Piga picha ya ukurasa wa kwanza wa bayosi pamoja na risiti.

Duka la nne, ghorofani, mzee mmoja alichomoa prosesa kwenye kompyuta ya mauzo, akaipachika kwenye bodi niliyoitaka, akaunganisha skrini, akaniachia kibodi. "Angalia unachotaka, mwanangu." Nililipa pale pale.