Kiti cha mtoto cha mtumba: kipindue kabla hujatoa pesa

Assalam aleikum, na wengine hamjambo. Niko nje kwetu hapa Malindi, gari iko chini ya mwarobaini, na leo nawaonyesha kiti cha mtoto cha gari. Ni cha mtumba, nilikinunua Mombasa shilingi 7,000, nimekitumia miezi minne. Jina la kampuni silitaji, hawajanilipa.

Safari ya kwanza twaenda Kilifi. Pale Gede mbuzi akakatiza, baba mtoto akakanyaga breki, kiti chote kikalala ubavu na mtoto ndani. Hakuumia, alishtuka tu. Na aliyekifunga ni mimi.

Sogea uone kosa langu. Hizi alama ubavuni: buluu ndiyo njia ya mkanda wa gari mtoto akitazama nyuma, nyekundu akitazama mbele. Mimi nilipitisha kwenye nyekundu, na mtoto anatazama nyuma. Halafu sikukaza. Ukikifunga, kikandamize kwa uzito wako, vuta mkanda mpaka uishe, hivi... uff. Kisha shika hapa mkanda unapopita, utikise. Kikicheza zaidi ya sentimita 2.5, anza upya. Usitikise huku juu kichwani, huku kitacheza tu.

Mama mkwe aliniambia, "Nyinyi twaliwapakata, mbona mmekua?" Kweli, mama. Lakini gari ikigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 atakuponyoka kwa nguvu ya mzigo wa kilo 200 na zaidi. Nani ana mikono hiyo?

Mbona anatazama nyuma? Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake, na shingo bado laini. Gari ikisimama ghafla, kiti kinampokea mgongo, shingo na kichwa pamoja. Watu humwonea huruma, eti miguu imekunjika. Mwacheni, yeye mwenyewe hajalalamika. Hiki changu kina kibandiko cha rangi ya chungwa cha R44/04, yaani kanuni ya usalama ya viti vya watoto, na kwa kutazama nyuma mwisho wake ni mtoto wa kilo 13. Vile vipya vya R129, kanuni iliyofuata, hupimwa kwa urefu wa mtoto, na lazima atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Na kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe mbele penye eabegi inayofanya kazi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga. Ikifumuka itakipiga kiti mgongoni, na kichwa cha mtoto kiko hapo hapo.

Sasa mtumba. Cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa kinang'aa, kimepakwa mafuta. Nikakipindua: ufa mweupe, mwembamba kama unywele, kutoka kwenye tundu la mkanda. Muuzaji akasema ni mkwaruzo. Nikakirudisha. Huko chini ndiko hupigwa chapa tarehe ya kutengenezwa, na vingine mwaka wa mwisho wa kutumika. Muulize kama kiliwahi kupata ajali. Akianza kugugumiza, nenda zako.

Mikanda ya mtoto: bana hapa begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, imelegea. Na leso ya kumlalia mgongoni itoe, inafanya mkanda uonekane umekaza kumbe bado.

Leso ina kazi nyingine. Jua letu hili, ukiegesha saa saba mchana, hiki chuma cha kufungia kinaunguza. Niliona alama nyekundu pajani kwa mwanangu, nikajilaumu wiki nzima. Sasa nafunika kiti kitupu kwa leso, na chuma nakigusa mimi kwanza.

Mwaniuliza kuhusu tuktuk. Haina mkanda wa kukifungia, kwa hivyo humo hakina kazi.

Malalamiko yangu? Kizito, kuvua kitambaa ni nusu saa, na uji ulioingia kwenye mishono hautoki. Nimejaribu mpaka mswaki.