Filta ya ND ya kuzungusha: nimeitumia kwa yangeyange wa Chwaka na kima punju wa Jozani

Napenda picha ya mnyama inayoonyesha mwendo wake: mabawa yamevutika, mandhari nyuma imekuwa mistari, jicho tu limetulia. Picha hiyo inataka shata ya polepole, yaani pazia la kamera likae wazi muda mrefu zaidi, na jua la Unguja halikubali. Saa sita mchana, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ikiwa 100 na tundu la lenzi f/8, kamera inadai 1/400 ya sekunde. Mimi nataka 1/25. Ukilazimisha, picha inaungua. Ukifunga lenzi hadi f/22, bado mwanga umezidi na picha inapoteza ukali.

Filta hii ya ND, kioo cha giza kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga, imenitatulia hilo. Ina vioo viwili vya polaraizi, vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Ukizungusha cha mbele giza linaongezeka, kuanzia stopu 2 hadi 5; kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu. Kwa stopu 4 napata ile 1/25 yangu bila kugusa kingine.

Raha yake niliiona kwenye ghuba ya Chwaka, maji yakiwa yametoka. Yangeyange huinama kidogo kabla ya kuruka, shingo ikirudi nyuma. Hapo naanza kumfuata kwa kiuno, si kwa mikono, nabonyeza huku bado nageuka, wala sisimami shata inapofunga. Kitulizi cha lenzi nakiweka kwenye hali ya pili, kizuie mtikisiko wa juu na chini tu. Nyingi zinaharibika, lakini ile inayokubali, mikoko imekuwa mikanda ya kijani na ncha za mabawa zimeyeyuka kama moshi. Ninaipenda kuliko picha yoyote kali niliyowahi kupiga.

Msitu wa Jozani ni habari nyingine. Chini ya miti mikubwa naivua filta kabisa: mwanga wenyewe ni haba, na nikiiacha, fokasi inatangatanga. Nairudisha pale kima punju wanapotoka kwenye miti ya pembeni na kuruka juani, mkia ukifuata nyuma.

Kasoro zipo. Ukizungusha hadi mwisho, msalaba mweusi unatokea katikati ya picha, hasa kwa lenzi pana, kwa hiyo stopu ya 5 siihesabu. Rangi inaelekea umanjano. Ukipiga RAW, faili ghafi la kamera, unairekebisha. Ukigeuza kamera wima, mng'ao wa maji nao unabadilika. Na mchanga ukiingia kwenye ringi, inakwaruza. Ipulize kwanza kabla ya kufuta, chumvi isije ikachora kioo.

Kwa mpigaji wa pwani, nunua. Anayepiga msituni tu, ya stopu 3 isiyozungushwa inamtosha, na haina msalaba.