MGB Roadster ya Mwaka 1965: Kabla Hujalipa, Lala Chini Utazame Vizingiti

Watazamaji wapenzi, karibuni. Gari mnaloliona nyuma yangu ni MGB Roadster ya mwaka 1965, la viti viwili na paa la turubai, lililokarabatiwa upya na ambalo sasa linauzwa hapa Oxfordshire, Uingereza, si mbali na Abingdon, mji ambamo MG, kampuni iliyotengeneza magari haya, ilikuwa na kiwanda chake. Muuzaji anataka pauni 18,500. Ninachotaka kujua leo ni iwapo fedha hizo zinalipia ukarabati au zinalipia rangi tu.

MGB ilianza kuuzwa mwaka 1962, ikiwa imesanifiwa chini ya usimamizi wa mhandisi Syd Enever, na iliendelea kutengenezwa hadi 1980, ambapo kiwanda cha Abingdon kilifungwa. Yalitoka zaidi ya magari nusu milioni. Wingi huo ni neema kwa mnunuzi, kwa sababu spea karibu zote zinapatikana, na tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza hata bodi nzima mpya. Hata hivyo, wingi huohuo unatukumbusha kwamba bei ya MGB haitokani na uadimu bali hutokana na hali yake, na mtu anayekuambia kuwa gari hili ni adimu, basi huyo ana lake analotaka kukuuzia.

Tuje kwenye bodi, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo fedha zilipo. Gari lililotangulia, MGA, lilikuwa na chasisi ya peke yake chini ya bodi. MGB haina, bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, na katika gari lisilo na paa la chuma, nguvu nyingi imo kwenye vizingiti vilivyo chini ya milango. Kizingiti kimoja kimeundwa kwa mabati kadhaa, la nje, la ndani na lile la katikati, yaliyounganishwa yakawa kama boksi, na kutu huanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Tena bati la nje haliishii pale mlango unapoishia, bali hupita chini ya bawa la mbele na bawa la nyuma, yaani mabati yanayofunika magurudumu, kwa hiyo fundi anayelibadilisha kwa haki hana budi kukata sehemu ya chini ya mabawa hayo na kuyachomelea upya. Fundi mvivu huchomelea bati jipya juu ya lililooza, akajaza puti, ule ujazo laini usio wa chuma unaokauka na kusawazishwa, akapaka rangi, na kazi yake ni sawa na kupaka chokaa ukuta ulioliwa na mchwa.

Jinsi ya kulitambua hilo ni rahisi. Nimemwomba muuzaji alinyanyue gari kwa jeki upande wa nyuma, turubai likiwa limekunjwa, nami nikawa natazama nafasi iliyopo kati ya mlango na bawa. Katika gari dhaifu nafasi hiyo hujibana, na mlango hugoma kufunguka. Hapa, kama mnavyoona, haikubadilika, na milango yote miwili ilifunguka bila kusukumwa. Nimelala chini pia, nikaona mshono wa kuchomelea ukiwa safi na matundu ya kutolea maji yakiwa wazi, jambo ambalo mafundi wengi husahau. Picha za kazi ilipokuwa ikiendelea zipo, na zinaonyesha mabati ya ndani yakiwa mapya. Kasoro niliyoipata iko hapa, nyuma ya tairi la nyuma la kushoto, ambapo sumaku yangu haikushika kabisa. Hiyo ni puti, na ni nene. Haihatarishi uimara wa gari, lakini siku moja rangi itavimba mahali hapo.

Rangi ni nyekundu, imepigwa vizuri, viti ni vya ngozi nyeusi, na sina zaidi la kusema kuhusu hayo.

Tufungue boneti. Injini ya MGB ni ya silinda nne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,798, inayolishwa na kabureta mbili za SU, na ilipokuwa mpya ilitoa nguvu za farasi zipatazo 95. Mwaka 1965 magari haya tayari yalikuwa na kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inayoshikiliwa na beringi tano badala ya tatu za awali, na namba za injini hizo zilianza na 18GB. Sasa sogezeni macho kwenye kibati hiki: namba inaanza na 18V. Hiyo ni injini ya miaka ya 1970. Ni injini nzuri, na ikiwa imepata moto geji ya shinikizo la oili ilisimama karibu na 60 tukiwa barabarani, lakini sio iliyotoka nayo kiwandani, ilhali tangazo linasema gari lina injini yake ya asili. Nilipomuuliza, muuzaji alijibu kwamba naye alilinunua likiwa hivyo. Inawezekana. Jumba la makumbusho la British Motor Museum lililoko Gaydon hutoa cheti kinachoonyesha namba ya injini na rangi gari lilipotoka kiwandani, na ni ajabu kidogo kwamba mtu anayeomba bei hii hajakichukua.

Barabarani gari linapendeza, ila linataka adabu. Gia ya kwanza haina sinkro, kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno ya gia ili ziingie bila kugongana, kwa hiyo usiiingize kabla gari halijasimama kabisa. Ovadraivu ya Laycock, yaani gia ya ziada inayopunguza mzunguko wa injini, hufanya kazi kwenye gia ya tatu na ya nne, na hapa iliitika mara tu nilipobonyeza swichi, injini ikapunguza kelele. Breki ni za diski mbele na dramu nyuma, bila kifaa cha kuongeza nguvu ya kanyagio, hivyo mguu lazima ukanyage kweli. Nilipobadili kutoka kurudi nyuma kwenda mbele nilisikia mgongano upande wa nyuma. Kwenye rimu za spoki kama hizi, sauti hiyo mara nyingi husababishwa na meno ya kitovu cha gurudumu yaliyolika, na kuyabadilisha ni gharama ambayo mnunuzi anapaswa kuikata kwenye bei.

Kuhusu umeme, kumbukeni kwamba MGB za mwaka huo zilitoka kiwandani bodi ikiwa imeunganishwa kwenye ncha chanya ya betri, ilhali redio za kisasa hutaka ncha hasi, kwa hiyo ulizeni kama mfumo umegeuzwa kabla ya kufunga redio ya kisasa.

Kwa watazamaji walioko Uingereza, gari lililozidi miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara, na ukaguzi wa kila mwaka si wa lazima mradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa. Mimi ningeudai ukaguzi huo kabla ya kulipa hata hivyo. Petroli ya kawaida hapa tangu 2021 ni E10, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hula mipira ya zamani, basi tumieni E5, yenye hadi asilimia 5. Kwa wale wa Kenya wanaovutiwa na usukani wake wa kulia, kanuni ya kawaida ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 inawahusu, hivyo zungumzeni na wakala wa forodha kabla ya kuzungumza na muuzaji.

Vizingiti vya gari hili vimefanyiwa kazi halali, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Lakini kwa injini isiyo yake, vitovu vinavyoelekea kulika na puti ile ya nyuma, mimi ningetoa pauni 15,500, ningepanda hadi 16,000 iwapo muuzaji atabadilisha vitovu kwa gharama yake, na akikataa, nitamshukuru kwa chai yake na kuendelea kutafuta, kwa sababu MGB nyingine zipo.